Meza ya Wajane na Mabasi ya Montgomery

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 6:1-7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tuketi kwenye aya saba ambazo wengi tunazipita mbio ili tufike kwenye hotuba ya Stefano. Kanisa la Yerusalemu lingali changa, watu wanaongezeka kila siku, na katikati ya baraka hizo panazuka manung'uniko: wajane wa Kiyunani wanarukwa kwenye mgao wa chakula, wa Waebrania wanapata. Wote ni Wayahudi, wote wamemwamini Yesu. Ila hawa lugha yao ni Kiyunani, na wale ni wenyeji. Luka angeweza kuificha aibu hii ya kanisa, naye hakuificha.

Angalieni mitume walivyoipokea. Hawakuwaambia wajane wavumilie kwa kuwa sote ni wamoja katika Kristo. Hawakutangaza mfungo. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, washike kazi ya mgao, yaani kuhudumu mezani. Sasa someni majina ya hao saba: yote ni ya Kiyunani, na wa mwisho, Nikolao wa Antiokia, hakuzaliwa hata Myahudi, ni mwongofu. Inavyoonekana, kazi ilikabidhiwa upande uleule uliokuwa unalalamika. (Sisi tungeunda kamati ya saba pia, wanne wetu na watatu wao, na mwenyekiti tungemtoa kwetu.)

Aya hizo zimenirudisha Montgomery, jimbo la Alabama, kule Marekani, mwaka 1955. Mjini humo abiria weusi walikuwa kama robo tatu ya wote wapandao mabasi, lakini viti vya mbele vilikuwa vya wazungu, na dereva aliweza kumwamuru mtu mweusi ainuke mzungu akikosa pa kukaa. Tarehe 1 Desemba mwanamke mweusi, Rosa Parks, alikataa kuinuka, akakamatwa. Hayo twayajua, kama tunavyolijua jina la mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King. Nataka tuwatazame walioshika zile kazi za mezani.

Usiku huohuo wa kukamatwa kwa Parks, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la wanawake weusi mjini, alienda chuoni kwake pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili. Wakakesha kwenye mashine ya kurudufu. Kila karatasi ilibeba tangazo mara tatu, kisha ikakatwa vipande. Kulipokucha walikuwa na maelfu kwa maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasipande basi Jumatatu, na kabla ya jioni vilikuwa vimefika mashuleni, madukani na saluni. Jumatatu mabasi yalipita karibu matupu. Jioni ile, tarehe 5, watu walifurika Kanisa la Baptisti la Holt Street hadi nje, King akawanukulia nabii Amosi juu ya haki itiririkayo kama maji. Hotuba ile inasifiwa hadi leo, na inastahili. Ila watu wale walifika kwa sababu mtu alikesha akikata karatasi.

Mgomo uliopangwa kwa siku moja ukaenda siku 381, na muda wote huo watu walitakiwa wafike kazini. Mwanzoni madereva wa teksi weusi waliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Wakuu wa mji wakawatishia kwa sheria ya nauli ya chini, senti 45. Basi yakatafutwa magari binafsi, yapata 300, yakapangiwa vituo na saa. Makanisa yakanunua magari na kuyaandikisha kwa majina yao. Bima ilipofutwa ikatafutwa nyingine, hadi London. Mchungaji mmoja mzungu, Robert Graetz, aliyekuwa akilichunga kanisa la Kilutheri la weusi, alikuwa anawabeba watu kwa gari lake asubuhi. Nyumba yake ililipuliwa kwa bomu, kama ilivyolipuliwa ya King.

Mafuta ya magari hayo yalilipwa na nani? Hapa ndipo anaingia Georgia Gilmore, mpishi wa mkahawa na mkunga. Huyu alikuwa na kisa chake: alilipa nauli mlango wa mbele, dereva akamwamuru ashuke akapandie mlango wa nyuma, na alipokuwa akizunguka, basi likaondoka na nauli yake. Mgomo ulipoanza aliwakusanya wanawake wenzake, wakapika na kuoka majumbani, wakauza kuku, keki na pai. Kikundi wakakiita Klabu ya Kutoka Pasipojulikana. Kila mkutano wa kanisani Gilmore alisimama akakabidhi fedha, na ukiuliza zimetoka wapi, jibu ni hilo jina. Wengi wa wanawake hao walifanya kazi majumbani mwa wazungu, wangejulikana wangefukuzwa. Yeye mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani na kazi ya mkahawani ikamponyoka, akageuza jiko lake kuwa mahali pa kazi.

Lakini hata upande wa wapigania haki, wapo walioachwa kando. Miezi tisa kabla ya Rosa Parks, binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka kwenye basi la mji huohuo, akaburutwa na polisi. Viongozi walipima, wakaona hafai kuwa sura ya shauri: mdogo mno, na wa mtaa wa maskini. Nadhani walikuwa na hesabu zao, na sitawahukumu kirahisi. Hata hivyo kesi iliyovunja sheria ile haikuwa ya Parks. Ilikuwa ya Aurelia Browder na wenzake, Colvin akiwa mmojawapo, na alisimama kizimbani kutoa ushahidi. Mahakama ya Juu iliithibitisha hukumu iliyowapa ushindi Novemba 1956, na tarehe 21 Desemba watu weusi wakapanda tena mabasi na kukaa walipotaka.

Ndiyo maana siipendi tabia yetu ya kusema fulani ni wa kiroho kwa sababu anahubiri, na fulani anasaidia tu jikoni. Someni aya ya 7. Jambo la mgao likiisha tu, Luka anaandika kwamba neno la Mungu likaenea, wanafunzi wakazidi sana, na makuhani wengi wakaitii imani.

Kazi ya wiki: vikundi vichukue orodha ya wanaosaidiwa na ya wanaotoa uamuzi kanisani, viulize ni kabila gani, rangi gani au lugha gani haimo. Swali hilo aulizwe kwanza yule anayenung'unika, kabla ya mzee wa kanisa.

Wiki ijayo, Bwana akipenda, tutamfuata Filipo, mmoja wa wale saba, kwenye barabara ya Gaza alikomkuta Mwethiopia garini. Someni mapema Matendo 8:26-40.