Visiki vya Ngangao

Babu aliniagiza vijiti vya kusimikia nyanya. Ilikuwa Agosti 1998, majira ya kusi, milima ya Taita inapoamka imejifunika ukungu hata nyumba ya jirani huioni. "Okota vikavu vilivyoanguka," aliniambia. Nilikuwa na miaka 11, na vikavu vyote nilivyoviona vilikuwa vimepinda. Nikaingia ndani ya msitu wa Ngangao, nikakuta kichaka chenye mashina membamba yaliyonyooka, nikayafyeka yote.

Babu alikuwa akichonga ncha ya kijiti cha pili alipotulia ghafla. Majani yalikaa mawili mawili, yakitazamana. Pale jani lilipoungana na kijiti palikuwa na tunda bichi. Akalipasua kwa ukucha, akanifunulia kiganja: mbegu mbili, kila moja ina upande bapa wenye mfuo katikati.

"Nini hii?"

"Buni, Babu." Nilikuwa nimechambua buni za shambani kwake tangu nijue kuhesabu.

"Nani aliipanda kule?"

Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilimpeleka. Mvua haikunyesha, lakini matone yalianguka kutoka kila jani. Msitu ule huyakamua mawingu yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi. Babu akapiga magoti mbele ya visiki. Panga langu lilikuwa limeyachana maganda vibaya. Akatoa kisu, akakisawazisha kila kidonda kwa mshazari ili maji yasituame, kama alivyoifanyia mibuni yake iliyozeeka. Hakunikemea. Ningependa angenichapa.

Jina nimelijua ukubwani: Coffea fadenii, mbuni wa mwituni wa misitu ya ukungu ya Taita na ya kaskazini mashariki mwa Tanzania. Mwaka 2019 watafiti wa Bustani ya Kew waliripoti kwamba kati ya spishi 124 za mibuni duniani, asilimia 60 ziko hatarini kutoweka. Niliposoma nilivikumbuka vile visiki. Ngangao yenyewe ni hekta 120 hivi tu, imezungukwa na mashamba na mikaratusi ya kupandwa.

Desemba, vuli ikiwa imekolea, tulirudi. Visiki vilikuwa vimechipua, nikahesabu machipukizi saba. Shambani Babu huacha mawili yenye nguvu, mengine huyaondoa. Alikitoa kisu, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akakirudisha alani. Hakuondoa hata moja.