Okidi yangu imechanua, na safari hii bua halikuvunjika

Okidi hii kaka aliniletea kutoka Dar ikiwa na maua meupe. Yalipopukutika, ikabaki majani matupu zaidi ya mwaka. Niliambiwa niitupe. Nikaihamishia dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi, na Juni nzima nikalala dirisha wazi. Baridi ya Tabora usiku inashuka hadi nyuzi 15 hivi, na wiki kadhaa za baridi hiyo ndizo zinazoiamsha.

Chini ya jani kikachomoza kitu cha kijani. Ncha ya mzizi ni ya duara. Hii ilikuwa bapa, kama glavu ya mtoto mchanga. Bua la maua!

Jirani yangu akaniambia, "Mdogo wangu, geuza chungu kila siku, bua lisimame wima." Nikageuza. Likafuata mwanga huku, kesho kule, mpaka likajipinda kama nyoka. Lilipofika shubiri moja na nusu akasema nilivute kwenye kijiti, nilifunge na waya. Nilikuwa nimetoka kumwagilia. Nikalishika kwa vidole viwili, nikavuta kidogo tu. Ta! Mlio uleule wa harage bichi ukilivunja. Lilikuwa na matumba manne. Nilikaa kitandani nimelishika, machozi yananilenga, na ushauri ule unaniuma hadi leo.

Mwaka huu nilichora alama kwenye chungu, upande unaotazama dirisha. Nikikitoa kumwagilia, alama inarudi palepale. Acheni bua lifuate mwanga wake! Kijiti cha mshikaki nilichomeka mapema, bua likiwa refu kama kidole, mbali na mizizi. Na waya sikuugusa: nilinunua vibanio vidogo vya nywele vya watoto, vile vyenye meno, jero tu sokoni. Unabana bua na kijiti pamoja, chini ya kifundo (kile kiungo kwenye bua), kwa kulegeza, bua lipate kupumua. Kila siku ya tatu nasogeza kibanio kidogo sana, na kabla ya kumwagilia, maana bua lililoshiba maji ni jepesi kukatika.

Ndizi mbivu nazo nilizihamishia jikoni, kwa sababu hewa ya matunda yanayoiva huangusha matumba.

Ua la chini kabisa lilifunguka mwanzoni mwa Oktoba, mengine yakafuata kwenda juu. La saba nimelikuta leo asubuhi, bado lina mikunjo.