Majivu ya pumba za mpunga kwenye zege linalopitisha maji

Si kila majivu yanafaa kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Pumba zichomwe kwa nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi. Majivu meusi tii yana kaboni nyingi na hunywa maji; moto ukizidi mno, silika (madini yaliyomo kwenye majivu, ndiyo yanayoshikana na saruji) inageuka fuwele na haishikani vizuri na chokaa ya saruji. Kisha yasagwe yawe laini kama saruji. Wengi huishia kuchekecha tu, na hapo ndipo zege linapokosa nguvu.

Anza kwa kuweka majivu badala ya asilimia 10 ya saruji: palipohitaji saruji kilo 350, weka 315 na majivu 35. Kokoto za saizi moja, milimita 10 hivi, mchanga kidogo sana au usiweke kabisa. Maji yawe 0.30 hadi 0.35 ya uzito wa saruji na majivu kwa pamoja. Finyanga tonge mkononi: likimeguka, maji hayatoshi; uji wa saruji ukichuruzika, utatuama chini na kuziba matundu. Mchanganyiko ukiwa mkavu, tafadhali msiongeze maji ovyo, tumieni kemikali ya kulainisha zege.

Shindilia kidogo tu, funika kwa nailoni papo hapo, siku 7 angalau. Majivu huchelewa kukaza, kwa hiyo pima nguvu siku ya 28, na tena ya 56.