Otto Lilienthal, mhandisi aliyepima hewa kabla ya kuruka

Ukiuliza hapa Mombasa ni nani walioanzisha urukaji wa ndege, utatajiwa ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, na jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, mimi huona kuwa haki haijatimia mpaka atajwe Mjerumani Otto Lilienthal, ambaye nimekuwa nikimsoma kwa mapenzi makubwa.

Alizaliwa Anklam mwaka 1848, na tangu utotoni yeye na mdogo wake Gustav waliwachunguza korongo wakiruka. Alisomea uhandisi, kisha akafungua kiwanda cha boila na injini za mvuke mjini Berlin. Kabla ya kuthubutu kupaa, aliunda mtambo wenye mkono mrefu unaozunguka, akafunga vibao vya maumbo mbalimbali kwenye ncha zake na kupima jinsi hewa ilivyovibeba. Aligundua kwamba ubao uliopinda kidogo huinuliwa kwa nguvu zaidi kuliko ulio bapa, jambo ambalo halitamshangaza baharia yeyote wa pwani yetu, anayejua kuwa tanga hufanya kazi likituna. Vipimo hivyo hakuvificha, bali alivichapisha mwaka 1889 ili kila aliyetaka avitumie, na kwangu huo ndio ukubwa wake hasa.

Alianza kuruka mwaka 1891. Mwaka 1894 alijengewa kilima cha mita 15 huko Lichterfelde, ili aweze kukimbia kuukabili upepo kutoka upande wowote. Mabawa yake yalikuwa ya fito nyepesi zilizowambwa kitambaa cha pamba; aliyashika kwa mikono, huku kiwiliwili na miguu vikining'inia chini. Bawa la kushoto likiinama, alirusha miguu kulia ili uzito wake ulirudishe sawa. Kwa namna hiyo aliruka takriban mara 2,000, na mara nyingine alifika umbali wa mita 250.

Tarehe 9 Agosti 1896, karibu na kijiji cha Stölln, chombo chake kilipoteza mwendo hewani na kuanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi. Alivunjika uti wa mgongo, akafariki kesho yake mjini Berlin akiwa na umri wa miaka 48.

Habari za kifo hicho ziliamsha upya hamu ya akina Wright, nao wakaanza kazi wakitumia majedwali yake. Mwaka 1901 chombo chao kilipoinuka kwa nguvu pungufu kuliko walivyokokotoa, walimshuku Lilienthal. Lakini walipojitengenezea kasha la kupitishia upepo na kujaribia humo mabawa madogo, waliona kuwa vipimo vyake vilikaribia sana ukweli, na kwamba kosa kubwa lilikuwa katika kipimo cha msukumo wa hewa ambacho wahandisi walikuwa wamekirithi tangu karne ya 18.