Filamu ya mapenzi tuliyoitengeneza wenyewe, na wote tumevuka sitini

Nianze na walioniudhi. Kikundi chetu cha watu wazima tulipotangaza tunataka kutengeneza filamu fupi kuhusu mapenzi na mambo ya chumbani uzeeni, ghafla kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema wazee hawawezi kuongea hayo mbele ya kamera, mtajiaibisha tu. Mwingine eti tuweke muziki wa huzuni na picha za machweo. Machweo! Mtu ana miaka 69, ana mpenzi mpya, hamu yake iko palepale, machweo ya nini jamani? Wa tatu akatwambia bila kupata mtu aliyesomea kuhoji hatufiki popote, na kikundi kikamsikiliza huyo wa tatu. Mi nilipinga, na iandikwe kwamba nilipinga.

Basi akaja kijana na taa zake kubwa, kamera ya heshima, maiki yenye manyoya, akawa anatukalisha mmoja mmoja kwenye kiti, mgongo ukutani, taa inapiga usoni mpaka kila kunyanzi linahesabika. Swali lake la kwanza: "Bibi, kwako wewe mapenzi ni nini?" Sasa mtu mzima ukimwuliza hivyo unategemea nini? Utapewa hotuba, na hotuba tulipewa kweli kweli. Ndoa ni uvumilivu. Heshima ndo msingi. Vijana wa siku hizi hamna subira. Kuna mzee pale mi namjua, ana visa vya kukuvunja mbavu, siku hiyo alikaa kwenye kile kiti akaongea kama anafungua mkutano, akafika mahali akamshukuru mgeni rasmi. Hakukuwa na mgeni rasmi! Kijana akajikaza akauliza na faragha je, mama mmoja akamjibu "hayo tumewaachia nyie", watu wakacheka, kamera ikaamini. Na mama huyohuyo nusu saa kabla alikuwa ananisimulia nje mambo ambayo hapa siwezi kuyaandika.

Tulipoangalia kilichorekodiwa nilisinzia. Na mimi mwenyewe nilikuwemo.

Shida haikuwa kamera wala umri. Shida ilikuwa nani ameshika nini. Yeye ana maswali, ana taa, ana kitufe cha kurekodi, na baadaye ndiye atakayekata anachotaka, sisi tuna nini? Kuna jambo lilifanyika Kanada mwaka 1967, kisiwa cha Fogo kule Newfoundland. Wavuvi wa pale walikuwa wanaogopa kuhamishwa, mwongozaji mmoja anaitwa Colin Low akaenda kuwarekodi, ila kabla ya mtu mwingine kuona, anayeonekana anaangalia kwanza, na asichokipenda kinatolewa. Nikawaambia wenzangu, kama wavuvi walipewa haki hiyo kwa habari ya samaki na makazi, sisi tunaoongelea kitanda chetu tunakosaje?

Kijana tukamlipa chake, tukaagana vizuri. Kuanzia hapo tukatumia simu zetu, vimaiki vidogo vya kubana kwenye nguo (si ghali, tulichanga) na standi ya kuazima.

Halafu nikaleta wazo la blanketi, na hapa najisifu bila aibu. Kila mtu aende kwake, usiku, ajifunike blanketi gubigubi na simu yake, aseme jambo moja la mapenzi au la mwili ambalo hajawahi kumwambia mtu. Hakuna majina. Hakuna wa kukuhoji. Walinicheka, wakadhani natania. Lakini blanketi lina faida mbili kwa mpigo: kwanza gizani hakuna macho ya mtu, mdomo unafunguka wenyewe, pili nguo nzito inameza mwangwi wa chumba, sauti inatoka safi utadhani uko studio. Hata watangazaji wanaosafiri hufanya hivyo hotelini. Ila usikae humo mpaka ukakosa hewa, mwenzetu mmoja alirekodi hadithi yake yote anahema, tukadhani ni mahaba kumbe ni joto.

Klipu ziliporudi nilikaa kitako. Mama anasema tangu hedhi ikome tendo lilimuuma, akajua duka limefungwa, miaka yote hiyo anamwambia mumewe kichwa kinauma, mpaka nesi akamwambia mama huo ni ukavu tu, homoni zimepungua, kuna vilainishi na kuna dawa za homoni za kupaka hukohuko. Mzee anasema alivyoona nguvu zinayumba aliogopa kuanzisha kitu asichoweza kumaliza, basi akaacha hata kumshika mkewe mkono, na mkewe akaamini kuna mwingine. Mjane anaficha viatu vya mpenzi wake watoto wakija. Mmoja amempenda mwanamke mwenzie tangu usichana na hakuna nafsi inayojua.

Sasa hizo sauti huwezi kuziweka kwenye filamu hivihivi, watu watatambuana. Hapo ndo ikaja hila ya pili, na hii tuliipata kwa pamoja. Tukaandika kila hadithi kwenye karatasi, herufi kubwaa (miwani tunaisahau kila siku), tukazikunja, tukazichanganya, kila mtu akachukua moja, ukipata yako unarudisha kimyakimya. Wazo la kuzirudisha hadharani tulilikataa, ukirudisha mbele za watu umeshajitaja, kwa hiyo tulichukua karatasi chumba kingine mmoja mmoja. Halafu unaisoma mbele ya kamera kama ya kwako. Sura yako, hadithi ya mwenzako. Mwangalizi hana pa kushika.

Na ona karatasi zilivyoamua. Yule mzee wa mgeni rasmi akapata hadithi ya ukavu. Alianza kwa sauti yake ya mikutano. Alipofika pale "nikawa namwambia kichwa kinauma" akanyamaza. Mi ndo nilikuwa nyuma ya simu, nikajua amepoteza mstari, nikataka kumsaidia, jirani yangu akanifinya. Mzee akashusha karatasi, akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akasema, hakuwa anatwambia sisi, "kumbe ndo ilikuwa hivi kwake". Mkewe ametangulia muda mrefu. Akavaa miwani akamalizia kusoma, taratibu, bila hotuba hata kidogo. Tulipomwonyesha tukamwuliza tukate? Akasema mkikata hapo najitoa.

Kwa hiyo ushauri wangu, ukisikia kimya usizime kamera. Na usiongee.

Mambo ya ufundi sina mengi, mengine utajua tu. Simu ilaze, usishuti ikiwa imesimama. Bonyeza skrini kwenye uso wa mtu mpaka mwanga ujifunge, la sivyo inang'aa na kufifia yenyewe kila mtu akipunga mkono. Mkalishe pembeni ya dirisha, mwanga umpate ubavuni, taa kali za mbele ni za polisi. Friji zima, ina mvumo unaharibu sauti, na ili usisahau kuiwasha tena weka funguo zako ndani yake. Ukimaliza rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba, utaishukuru kwenye kuediti pale unapotaka kuunganisha maneno mawili. Na muziki chini ya maongezi hapana! Masikio ya uzee yanaanza kupoteza sauti nyembamba, zile s na f na th, ukiongeza kinanda juu yake sisi wenyewe wenye filamu hatusikii tunasema nini. Weka maandishi chini, makubwa.

Sini za kugusana sasa. Tulikuwa na watu wawili, ni wapenzi kweli, wakakubali kuonekana wamelala wamekumbatiana. Siku hizi kwenye filamu kubwa kuna mtu kazi yake ni kupanga sini za faragha tu, mkono unaanzia wapi unaishia wapi, sisi hatukuwa naye ila tuliiga utaratibu: mnakubaliana mkiwa mmevaa na mmekaa, mnafanya jaribio juu ya nguo, siku ya kurekodi wanabaki wao na mshika kamera, na yeyote akisema basi ni basi, haulizwi kwa nini. Tukaweka mito chini ya magoti maana magoti hayana habari na sanaa yenu.

Ikawa nzuri, mwanga mzuri, mikono mizuri ile yenye mishipa. Bwana akasogeza shavu kwenye shavu la bibie, mara fiiiiiii! Kifaa cha kusikia. Kikizibwa kinapiga mluzi. Wakaachana, wakakaa sawa, tukaanza tena, shavu kwa shavu, fiiiiii. Safari hii bibie akaanza kucheka kimyakimya, tumbo linatikisika, bwana hasikii vizuri anauliza "nini? nini?", akaingiza kidole akakitoa kile kifaa akakiweka kwenye meza ya kitanda kikiwa bado kinalia, akamrudia. Hakuna mwandishi wa skripti angeyaandika hayo. Ndo sini bora ya filamu nzima, na mtu wa machweo alivyoiona akasema tungeondoa ule mluzi. Tumeuacha.

Kuna sehemu tulimwita daktari aangalie kabla hatujafunga, maana watu wakishafunguka wanapeana na dawa. Mzee mmoja kwenye maongezi alisema vidonge vya nguvu mnaweza kuazimana. Hapana! Anayetumia dawa za nitreti za maumivu ya kifua akimeza na sildenafili (ndo hiyo Viagra) presha inaweza kushuka mpaka afe. Tukalisema ndani ya filamu, kwa sauti yake yeye mwenyewe aliyekosea, alitaka iwe hivyo. Na kondomu. Watu wanaona mimba haipo tena basi ya nini, wakati ukeni ngozi imekuwa nyembamba, inachanika upesi, na maambukizi hayaulizi tarehe ya kuzaliwa. Kilainishi cha mafuta kinaharibu kondomu za mpira, chukua cha maji au cha silikoni.

Kama kuna mtoto wenu anasema mambo haya ni ya wachache, mwambieni utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, waliuliza watu zaidi ya 3,000 wa miaka 57 hadi 85. Wenye 65 hadi 74, asilimia 53 walikuwa wamefanya mambo ya chumbani na mwenza ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuulizwa. Wenye 75 hadi 85, asilimia 26. Robo nzima! Binti wa mwenzetu alivyoambiwa akasema "mama tafadhali", akatoka nje.

Ridhaa usiichukue mara moja ukaiweka kabatini. Mtu wa umri wetu anaweza kusahau alikubali nini, au akakumbuka na akabadili mawazo, vyote ruksa. Sisi kila kikao tunauliza upya, na tunarekodi jibu. Karibu na mwisho mama mmoja akatoa kipande chake, alisema hajisikii tu. Kilikuwa kizuri mno, niliumia, tulikifuta mbele yake kwenye simu zote na kwenye kompyuta, na filamu ikabaki na pengo ambalo tuliziba kwa shoti ya mkono unakunja shuka. Hata hivyo mnapoanza, andikeni wapi filamu itaonyeshwa na wapi kamwe haitaonyeshwa, msiseme tutaona mbele ya safari. Sisi intaneti tuliikataa.

Tuliionyesha kwa ndugu na marafiki tuliowaalika kwa jina. Watoto walikaa wamejikunja mwanzoni, mluzi ulipolia wakaachia kicheko, baada ya hapo mambo yakaenda. Wengi wakaanza kubahatisha hadithi ipi ya nani. Mwanangu wa kwanza amekuwa mpelelezi, kila akija ana jibu jipya, na kila analobahatisha silo. Juzi amefika kwenye ile ya viatu, akasema kwa uhakika kabisa, "hii kamwe si yako mama, wewe huna mambo hayo". Nikajifanya natafuta miwani.