Kikombe cha mke wangu kimo ndani ya tenki la Land Rover

Naanza na walioniambia pampu ya mafuta ikikaa ndani ya tenki gari litalipuka. Ni wengi, na mmoja wao ni fundi wangu wa siku zote, ambaye naendelea kumpelekea gari kwa sababu kwenye breki hana mpinzani hapa Babati. Ndugu zangu, Corolla ya nozeli (isiyo na kabureta, petroli inapuliziwa kwenye injini) unayopanda kila siku pampu yake inaogelea kwenye petroli tangu ilipotoka kiwandani. Moto unataka hewa, na ndani ya pampu kuna mafuta tu. Tena mafuta hayohayo ndiyo yanayoipoza. Ukiizoesha kutembea tenki likiwa tupu ndipo unapoiua.

Gari langu ni Land Rover 109, pikapu, Series III ya 1978. Injini yake ya asili ilinichosha nikaweka injini ya Toyota, 3RZ ya petroli, lita 2.7, iliyotoka kwenye Prado lililopinduka. Habari za kuifunga sizisemi, kila mtu ana njia yake. Kilichonitesa miezi minne ni mafuta. Kabureta ya zamani iliridhika na presha ya paundi mbili tatu, na kale kapampu ka pembeni mwa bloku kalitosha kabisa. Hii ya nozeli inataka paundi 40 hivi, kuliko hata upepo wa tairi zangu za mbele.

Fundi akasema, "Mzee, weka pampu ya nje, funga kwenye chesisi, kazi ya saa moja." Kweli ilikuwa ya saa moja. Pampu ikawa inalia kama mbu aliyeingia kwenye chandarua, lakini gari likatembea, nami nikamlipa na soda juu. Wiki iliyofuata nimetoka Arusha na mzigo, nafika Magugu saa saba mchana, jua la pale mnalijua. Gari likakohoa, likakohoa tena, likazima. Nasikia pampu inazunguka lakini mafuta hayafiki. Nikanunua maji ya chupa nikaanza kuimwagia pampu, nimelala chini ya gari, watu wamenizunguka wakidhani nabatiza. Baada ya chupa tatu likawaka. Nimebatiza mara nne kabla ya kuiona Babati.

Sababu niliielewa usiku ule nikiwa bado nina hasira. Pampu hizi zinajua kusukuma, kuvuta hazijui. Ukiiweka mbali na tenki inalazimika kunyonya, na petroli yenye joto ikinyonywa inageuka mapovu. Mapovu hayasukumiki. Na yule bwana alikuwa ameifunga shubiri moja kutoka kwenye ekzosi! Kwa hiyo pampu iende ndani, basi.

Tenki la 109 pikapu liko chini ya kiti cha dereva, maana yake miaka yote hii nimekalia lita 45 nikiogopa pampu ndogo kama kopo la dawa ya mbu. Kulishusha ni bolti tu. Shida ni tundu: la floti ya geji ya mafuta ni dogo, pampu haipiti. Nikalipeleka kwa mchomeleaji, naye akawasha gesi hapohapo huku akisema, "Limeoshwa jana, si ndiyo?" Nilibeba tenki langu nikaondoka bila kuaga. Tenki lililokaa tupu mwezi mzima bado lina mvuke kwenye maungio, na ule mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaoua watu. Usiruhusu moto wala grenda ikaribie, hata kama aliyeishika ni shemeji yako.

Nilichofanya mimi: nililiosha kwa sabuni ya unga mara tano, nikalijaza maji mpaka karibu na mdomo, ikabaki kama vidole viwili juu. Nikachora duara la tundu jipya la kupitisha pampu, nikatoboa vitundu kulizunguka kwa drili ya mkono, ile ya kuzungusha ya marehemu baba, halafu nikamalizia kwa tupa ya kukerezea chuma. Siku mbili, malengelenge manne. Vumbi la chuma nililivua kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kamba, kama navua perege.

Sasa hapa ndipo ninapojisifu, mnisamehe. Mfuniko utafungwaje bila kuchomelea, na bati lenyewe ni jembamba, halishiki nyuzi za bolti? Nikakata ringi ya chuma pana kuliko tundu, nikaichana sehemu moja ikawa kama herufi C. Ile C unaichomeka ncha moja ndani ya tundu, unaizungusha kama unavyoingiza ufunguo kwenye pete ya funguo, yote inamezwa na tenki. Nilikuwa nimeshaipigilia bolti sita zikiangalia juu, nikazivuta zikatokeza kwenye matundu yake. Juu gasketi ya mpira usioliwa na petroli, mfuniko, nati. Halivuji tone.

Mfuniko wenyewe nilinyofoa kwenye tenki la Corolla iliyokufa, pamoja na mkono wa kushikia pampu na plagi yake ya umeme. Msijaribu kupitisha waya kwenye kitundu na kuziba kwa gundi. Petroli inapanda katikati ya nyuzi za waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, utaikuta imefika kwenye relei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu. Niliziba, nikaikuta.

Pampu mpya ilinigharimu kama laki moja na nusu, sikumbuki vizuri, maana niliunganisha na fyuzi na relei na ugomvi wa bei.

Wiki tatu gari likaenda kama jipya. Kisha nguvu zikaanza kupungua, nikafungua. Mpira mfupi unaotoka kwenye pampu kwenda mfunikoni ulikuwa umevimba na kulegea kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kuhimili petroli inayopita ndani yake. Kuzamishwa mchana na usiku ni habari nyingine. Tiba niliipata kwenye mabaki yaleyale ya magari: bomba la nailoni lenye mikunjo, linalokaa ndani ya matenki ya magari ya siku hizi. Gumu, haliingii popote. Lichovye ncha kwenye maji yanayochemka nusu dakika, linalainika, unalisukuma. Likipoa hulitoi mpaka ulikate.

Bado mlima wa Dareda. Tenki likiwa chini ya robo, ukipanda kwenda Mbulu mafuta yote yanakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, gari linashtuka kama limeona nyoka. Magari mapya yana bakuli ndani linalobaki limejaa. Nikatazama jikoni nikaona kikombe kirefu cha stenlesi, kile cha uji, kipenyo chake kama kimepimwa. Nikakitoboa kitundu kimoja karibu na kitako mafuta yaingie, pampu ikakaa ndani, na bomba la kurudishia mafuta kutoka kwenye injini nikalielekeza limwage humohumo. Injini inarudisha mafuta mengi kuliko inayochoma, kwa hiyo kikombe hakikauki hata gari likiinama. Dareda nikaipanda na robo pungufu, kimya, nikaishuka nikaipanda tena kwa makusudi.

Oktoba 2024 Land Rover zilipokusanyika Arusha nilienda na kurudi bila kununua maji ila ya kunywa. Pale Magugu nilisimama saa saba kamili, injini ikinguruma, nikala muwa.

Kilichoshindikana ni geji. Floti ya Corolla na saa ya mafuta ya 109, ile ya Smiths, hazielewani. Tenki likijaa inasoma nusu, likiisha inasoma nusu. Napima kwa kijiti. Na mke wangu bado anauliza nani alichukua kikombe chake cha uji, watoto wote wameshaapa.