Tunaorudi Mwanza tusiwe wepesi wa kuhukumu wanaolala nje

Ukirudi Mwanza baada ya miaka ya ughaibuni, ndugu watakutembeza daraja la Kigongo–Busisi, stendi ya Nyamhongolo na maghorofa ya katikati ya mji. Vibaraza vya maduka ya Makoroboi saa tano usiku hakuna atakayekupeleka. Utawaona mwenyewe wanaolala pale juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, mawilimawili, maana sakafu ya saruji inatoa baridi. Ukiuliza, jibu liko tayari: wavivu hao, mateja hao, wana kwao ila hawataki kurudi. Wengi wetu tunaorudi tunalimeza jibu hilo, tunapandisha kioo cha gari, na baada ya wiki tunalitoa sisi kwa wengine. Inaniuma, kwa sababu ukikaa chini ukapiga hesabu, halisimami.

Tuanze na kodi. Chukua chumba kimoja cha kupanga Igoma au Mabatini, tuseme 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba haipokei ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, wengine ya mwaka. Miezi sita ni 240,000. Dalali naye anachukua ya mwezi mmoja, inakuwa 280,000 kabla hujanunua hata godoro. Mbeba mizigo anayepata 10,000 siku njema anaweza kula na kuvaa, lakini kiasi hicho kwa mkupuo atakiweka wapi? Mfukoni, na anayelala nje huchomolewa akipitiwa na usingizi. Basi siku akipata analala gesti ya uchochoroni, siku akikosa anarudi kibarazani. Gesti ya 7,000 kwa siku kumi na tano tu ni 105,000, zaidi ya mara mbili ya kodi ya mwezi ya chumba kile. Mtu tunayemwita mvivu analipia nusu mwezi wa malazi zaidi ya anavyolipia mpangaji wa chumba kile mwezi mzima.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba uone jambo lingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti tena, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Kwa siku hizo mvuvi, mbebaji na mama anayeanika wote hawana kitu. Mgeni akipita mchana akakuta vijana wamejilaza juu ya nyavu anasikitika kwa uvivu wao, wakati giza likirudi ndio hao watakaokesha ziwani mpaka alfajiri.

Wengine wametoka ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu. Aliyekuwa amepanga kibanda pale hana hati wala cha kudai. Wapo pia bibi zetu waliokimbia vijiji vya Usukumani kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wekundu huo umetokana na kupuliza moto wa kuni na samadi maisha yao yote. Bibi wa namna hiyo ukimkuta stendi, mpe shikamoo kama unavyompa mama mkubwa wako. Wengi wanapita bila hata kumsalimu.

Ila kinachomshikilia mtu barabarani kwa muda mrefu kuliko vyote ni karatasi. Fomu ya NIDA, ya kuomba kitambulisho cha taifa, inataka muhuri wa serikali ya mtaa. Mtendaji anauliza: unakaa nyumba ya nani? Mjumbe anasema simjui. Hapo imekwisha. Bila namba ya kitambulisho hicho, yenye tarakimu 20, laini ya simu haisajiliwi kwa jina lako. Bila laini huna pesa kwenye simu, na bila hiyo akiba inarudi palepale mfukoni inakochomolewa. Hata ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huhesabu kaya, na mtu wa kibarazani hana kaya ya kuandikwa. Juu ya hayo anaweza kukamatwa kwa uzururaji, maana vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu vinaruhusu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika na nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha.

Ukitaka kusaidia, usianze na kamera. Mtoto usimpe noti usiku, wakubwa wake watamnyang'anya. Mnunulie chakula ale mbele yako. Usimchukue kwako. Piga 116, simu ya mtoto, haina malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na usimlazimishe kurudishwa nyumbani siku hiyohiyo: kama alikimbia kipigo na waliompiga hawajafuatwa, wiki haiishi utamkuta palepale. Mtu mzima aliyelala asiyeamka ukimgusa bega, usiseme amelewa. Tazama kama anapumua; akiwa anapumua mlaze ubavu, tafuta usafiri wa hospitali. Kama ni kifafa, usimtie kijiko mdomoni. Pale hospitali ya Sekou Toure ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Ndiyo inayopima nani asamehewe gharama.

Mwenye nguvu za kufanya kazi, mlipie kodi. Ya mwezi mmoja haimfai, mwenye nyumba hatakubali. Jadilini miezi mitatu, pesa mpe mwenye nyumba mkononi mbele ya shahidi, na mwezi wa nne ajilipie. Si lazima yeye asimulie alikuwa analala wapi. Wenye nyumba wakisikia, ghafla chumba "kimeshachukuliwa". Tafuta chumba kwenye mtaa ambao tayari kuna anayemfahamu, kama mama ntilie anayemhifadhia begi, ili mjumbe apate wa kumuuliza. Na mkataba uandikwe kwa jina lake, usiandikwe kwa jina lako hata kama pesa ni zako, kwa sababu ndio atakaokwenda nao kwa mtendaji kugongewa muhuri fomu ya NIDA.